Zamu ya Kumchunga Baba

Nilisikia kikohozi kabla sijaona chochote. Lifti ilikuwa haijamaliza kufungua milango yake, nacho tayari kilikuwa kinakuja kutoka mwisho wa korido: kikavu, chepesi, cha kurudiarudia, kama mtu anayekwangua ukoko wa wali kwenye sufuria. Nikajua ni mtoto wa dada yangu. Kilikuwa kikohozi kilekile cha wiki iliyopita, ila dada aliponipigia simu asubuhi ile nilielewa kwamba katika nyumba yao, pale Malvern, pembezoni mwa Toronto, hakikuwa tena kikohozi tu.

Dada alifungua mlango akiwa na sare yake ya bluu ya kazini, anakohudumia wazee. Hakusema karibu. Alinishika mkono akanipeleka jikoni, ambako mumewe alikuwa amesimama akiitazama meza kama mtu aliyekuta nyoka juu yake.

Juu ya meza kulikuwa na kitambaa cha kaki kimekunjuliwa. Ndani yake mlikuwa na kijiti cha panda, kimelainika kwa kushikwa miaka mingi. Waya mrefu uliopinda mwishoni. Na kisu chembamba mno, ncha yake imejikunja kama ukucha wa paka.

"Mtoto ndiye aliyevitoa kwenye sanduku la baba," dada alisema kwa sauti ya chini. "Nilikuwa natafuta unga wa mlenda. Nageuka, namkuta anachezea hiki."

"Baba yuko wapi?"

"Ameshuka kununua mkate."

Shemeji yangu ni Mkenya, dereva wa lori, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa mlango akiugonga. Alikuna kichwa.

"Shem, mimi mzee namheshimu. Wewe wajua. Lakini hii kitu si ya kuchonga penseli."

"Ni mimi niliyemwomba avilete," nikasema.

Ilikuwa kweli. Baba yangu ni kinyozi huko Singida. Ana banda lake karibu na stendi, lenye kioo kilichopasuka pembeni na picha za vichwa vilivyochorwa ukutani. Lakini zaidi ya nywele, alirithi kwa baba yake kazi nyingine, nayo ni kukata kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya koo. Kwetu, mtoto akikohoa wiki baada ya wiki, watu husema kimeo chake kimeshuka, kinamkuna koo, na anatafutwa mtu wa kukikata. Kwa mitaa mingi mtu huyo alikuwa baba yangu.

Nami nilikuwa naandika riwaya. Nilikuwa nimesoma maktabani kwamba huko Ulaya, karne nne hivi nyuma, matabibu wenye majoho walitazama mikojo kwenye chupa na kuzungumza juu ya damu, makohozi na nyongo, lakini kazi ya kushika kisu waliwaachia vinyozi. Kinyozi alinyoa ndevu, akang'oa jino, akamtoa mtu damu mkononi, na kimeo kilipodhaniwa kimelegea kwa maji yanayodondoka kutoka kichwani, alikipaka pilipili au akakikata. Nilicheka peke yangu pale maktabani mpaka watu wakageuka. Nilikuwa nimemkuta baba kwenye mji wa baridi, miaka mingi kabla hajazaliwa. Tangu siku ile kinyozi wangu wa riwaya alitembea na miguu ya baba. Basi niliposikia kwamba dada amemtumia tiketi aje kumwona mjukuu, nilimpigia nikamwambia, "Baba, vile vifaa vyako, kama bado unavyo, njoo navyo nivione."

Nilimweleza shemeji hayo yote palepale jikoni. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Umemwomba. Lakini mtoto anakohoa, na kisu kiko ndani ya nyumba, na mwenye kisu anabaki na mtoto sisi tukienda kazini. Hebu niambie wewe."

Mimi mwenyewe sina kimeo. Nilikatwa nikiwa na umri kama wa mtoto yule. Mwaka wa kwanza nilipofika Toronto niliumwa koo nikaenda kliniki. Daktari aliniangalia, kisha akatoka akarudi na wanafunzi wawili. Walinizunguka na tochi. Mmoja wao, msichana mwenye macho ya huruma, aliuliza nani alinifanyia hivi. Nikajibu kwamba nilizaliwa hivyo.

Sitaki mtoto wa dada akatwe. Hilo sikuwa na shaka nalo wakati ule na sina shaka nalo leo. Jambo lililonitesa ni jingine.

"Mwambie basi," dada akamwambia mumewe.

"Mimi? Nimwambie baba mkwe?" Alishtuka kweli. "Nianzie wapi? Shikamoo mzee, kisu chako kinanitisha?"

Kwetu na kwao, mkwe hamkabili mkwe. Wanaweza kukaa chumba kimoja mwezi mzima wakiulizana habari za usingizi na hali ya hewa, na jambo zito likitokea kati yao hupitishwa kwa wanawake kama sahani ya moto. Na sahani ile dada hakuwa tayari kuishika. Akanigeukia.

"Wewe si unaandika? Njoo uandikie hapa. Chekechea hawamtaki akiwa anakohoa hivi. Wewe kaa tu naye. Baba asijue sababu."

Shemeji alikunja kitambaa, akakitia kwenye mfuko wa plastiki wa dukani, akashuka nacho kwenda kukifungia kwenye buti la gari. Baba aliporudi na mkate, akiwa amevaa lile koti kubwa la shemeji lililomfanya aonekane kama mtoto aliyevishwa nguo za kaka yake, sote watatu tulisema shikamoo kwa pamoja, kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Hivyo ndivyo nilivyoanza zamu yangu. Kila asubuhi nilifika kwa basi, kompyuta mgongoni, dada na shemeji wakiwa wanavaa viatu. Baba alikuwa ameshakaa kwenye kochi karibu na dirisha, kofia ya sufu kichwani japo ndani kulikuwa na joto, kikombe cha chai kimezungukwa na mikono yote miwili. Chini, theluji ya mwisho wa majira ya baridi ilikuwa imegeuka rangi ya moshi kandokando ya maegesho. Mtoto alicheza miguuni pake. Anaelewa Kiswahili chote lakini hujibu kwa Kiingereza, na baba, ambaye Kiingereza chake ni salamu na namba, alimjibu kwa Kiswahili. Waliweza kuendelea hivyo nusu siku bila kutofautiana. Mara kwa mara kikohozi kilimkamata mtoto kikamtikisa kama mtu anayekung'uta mkeka, na macho yangu yalikwenda kwa baba kabla ya kwenda kwa mtoto.

"Hospitali walisemaje?" aliniuliza siku moja.

"Kirusi. Wamesema kitaisha chenyewe. Anywe maji, apewe asali."

Baba akacheka kimyakimya mpaka chai ikamwagika. "Mimi nikimwambia mtu rudi nyumbani ukangoje, anasema yule kinyozi amezeeka. Huyu wa kwenu anaambiwa asante daktari."

"Hawa wamesoma, baba."

"Ndiyo, wamesoma kungoja."

Ningependa kusema kwamba siku zile zilikuwa nzito, lakini sitasema uongo: zilikuwa tamu. Baba hajawahi kunizungumzia kazi yake. Alikuwa mtu wa kurudi nyumbani na harufu ya poda ya shingoni na kuuliza kama tumekula. Sasa nilimuuliza naye akajibu, bila haraka, kama mtu anayefungua sanduku ambalo hakuna aliyewahi kulitamani. Alinieleza kwamba hufanya kazi asubuhi, kabla jua halijawa kali, mtoto akiwa hajala. Kigoda huwekwa kikitazama mwanga wa mlangoni. Mama hukaa, mtoto akapakatwa, kichwa kwenye kifua.

"Mama yake mwenyewe?" nikauliza.

"Mama yake mwenyewe. Si shangazi, si bibi, si jirani. Akija baba mtu peke yake, namrudisha. Mtoto hukatwa mapajani mwa mama yake au hakatwi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu yeye ndiye atakayekesha naye. Na kwa sababu mama akisema basi, mimi naacha, hata kama mkono wangu umeshafika mdomoni. Sijawahi kumgusa mtoto ambaye mama yake hayupo. Hata wa kwangu."

Niliandika maneno yale jinsi alivyoyasema. Vidole vilikimbia. Nilijua papo hapo yatakaa wapi kwenye riwaya: kinyozi wa mji wa baridi angemrudisha bwana mkubwa mlangoni, bwana akiwa na kitita cha fedha na mtoto mgonjwa, kwa sababu mama wa mtoto hakuja. Nilifurahi jinsi mwandishi anavyofurahi akipata kitu asichoweza kukibuni.

Kisha nikauliza swali ambalo mwandishi yeyote angeuliza. "Hakuna aliyewahi kuharibikiwa?"

Baba aligeukia dirisha. Basi lilikuwa linapita chini polepole, madirisha yake yana ukungu.

"Wapo waliotoka damu nikatafuta gari la kuwapeleka hospitali," akasema. "Mmoja hakurudi. Mama yake bado tunasalimiana sokoni."

Sikuandika hilo. Nilifunga kompyuta. Baba alikunywa chai yake ambayo lazima ilikuwa imepoa, na mtoto akakohoa, na kwa mara ya kwanza tangu nianze zamu ile niliogopa kweli.

Muda si mrefu nikahisi haja ya kwenda msalani. Nilisimama. Nilimtazama baba, kisha mtoto, nikamshika mtoto mkono nikamwambia, "Twende, mama, unisindikize." Alishangaa, lakini alikuja, akakaa juu ya beseni lililogeuzwa akinitazama kwa udadisi mkubwa. Baada ya hapo ikawa desturi. Nikienda msalani, naye. Nikienda kuchemsha maji, namwita aje kunionyesha kikombe. Nikishuka kwenye chumba cha kufulia, ambako korido ni baridi kama friji, namvalisha koti nashuka naye, akikohoa njia nzima, mtoto niliyewekwa pale kumkinga. Tukirudi, baba alikuwa palepale kwenye kochi. Alisogeza miguu tu ili tupite.

Halafu ikaja siku ya tochi. Mtoto, ambaye kliniki walikuwa wamemfundisha, alimwendea babu yake mwenyewe, akaegemea magoti yake, akafungua mdomo: "Aaa!" Ilikuwa mchezo. Baba akachukua simu yake, akawasha tochi, akainama.

"Baba!"

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko chumba. Mtoto alifunga mdomo, midomo ikaanza kutetemeka. Baba alizima tochi, akaiweka simu juu ya kochi, kioo kikitazama chini.

"Nilikuwa naangalia," akasema.

"Najua."

"Unajua." Alimpapasa mtoto kichwani mpaka akatulia. Kisha akaniita kwa mkono. "Haya, njoo wewe basi. Wewe una umri wa kuangaliwa."

Nilipiga magoti mbele yake. Nikafungua mdomo. Tochi ikawaka tena, na uso wa baba ukawa nyuma ya mwanga, nikasikia pumzi yake yenye tangawizi. Aliangalia kwa muda mrefu, kwa namna ambayo hakuna daktari amewahi kuniangalia, kama fundi anayepita mbele ya nyumba aliyoijenga zamani.

"Mama yako alikushika vizuri," akasema. "Lakini wewe uliniuma." Akanionyesha kovu dogo kwenye kidole cha shahada, ambalo maisha yangu yote nilidhani ni la wembe.

Nilicheka, machozi yakiwa karibu. Mama alifariki zamani, na sikumbuki kigoda, sikumbuki kisu. Ninakumbuka tu kitenge chake usoni mwangu na mkono wake kwenye paji langu, na mtu akikimbia.

Baba hakucheka. "Kifurushi changu hakimo sandukuni," akasema.

Nilibaki pale sakafuni.

"Hakimo tangu siku ile niliyonunua mkate. Nikasema ngoja, mtu ataniambia. Nimengoja." Alitazama mikono yake. "Na wewe na mtoto sasa hata msalani mnakwenda wawili."

"Baba, wana wasiwasi tu. Unajua watu wa huku."

"Wao nimewaelewa. Mkwe wangu hanijui. Dada yako hajawahi kukanyaga bandani kwangu, hajui ninavyofanya kazi. Wewe nilikuambia. Nilikuambia bila mama yake simgusi mtoto, ukaandika. Nilikuona ukiandika, hiyo mashine ilikuwa inalia kama mvua kwenye bati. Halafu ukainuka ukampeleka mtoto msalani."

Mtoto alikuwa amerudi kwenye vidole vya miguu ya babu yake, akivihesabu kwa Kiingereza.

"Ulidhani nitamkata?" baba akauliza.

Jibu lilikuwa hapana. Nilitaka iwe hapana. Lakini lilitakiwa litoke mara moja, jinsi mtu anavyoondoa mkono kwenye moto, na mimi nilikuwa nawaza yule mama wa sokoni, nawaza ncha iliyojikunja, nawaza kama maneno ya mtu kuhusu kazi yake ni ahadi au ni hadithi. Nilipofungua mdomo baba alikuwa ameshageukia dirisha.

"Haya," akasema. "Inuka, magoti yatakuuma."

Jioni, wote walipokuwa nyumbani, alivaa suruali yake nzuri na kutangaza kwamba anahamia kwa mtoto wa kaka yake, anayekaa mtaa wa Jane na Finch, upande mwingine wa jiji, kwa majuma yaliyobaki kabla ya safari ya kurudi. Alikuwa ameshampigia simu. Kijana alikuwa njiani. Dada alianza kulia pale pale akiwa na mwiko mkononi. Shemeji alisimama kutoka kwenye kiti kama aliyeitwa mahakamani.

"Mzee, mbona mapema? Kuna mahali tumekukosea?"

"Hata kidogo. Mmenitunza. Lakini nyumba ya mkwe mtu hakai mpaka akazoeleka."

"Hapana, mzee. Hapa ni kwako."

"Nashukuru sana, baba." Hivyo ndivyo alivyomwita siku zote, baba, kwa heshima. Kisha, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jambo dogo: "Kuna kifurushi changu cha kaki. Nadhani kiliponyoka sandukuni tukitoka uwanja wa ndege. Labda kiko kwenye gari."

Niliona shingo ya shemeji ikishuka. Baba alikuwa amemtengenezea njia ya kutokea, pana, iliyofagiliwa, na shemeji hakuwa na budi kupita.

"Wacha niangalie," akasema. Alishuka bila koti. Alirudi akikishika kwa mikono miwili, magoti yamekunjika kidogo, jinsi mkwe anavyompa mkwe maji ya kunawa. "Kilikuwa kimeanguka kwenye buti, mzee."

"Sanduku lenyewe bovu," baba akasema.

Tulisimama wanne ndani ya uongo ule kama watu ndani ya nyumba inayovuja, kila mmoja akijitahidi asitazame juu. Nilimwonea shemeji huruma. Nilimwonea dada huruma. Mimi mwenyewe sikujua nijiweke wapi. Hawa wawili walimwogopa mtu wasiyemjua. Mimi nilikuwa naye kwenye kompyuta, neno kwa neno, nimempamba, nimempa mji na baridi na heshima ya kumrudisha bwana mkubwa mlangoni, na kila msomaji wa riwaya yangu angemwamini kinyozi yule kuanzia ukurasa wa kwanza.

Simu ya baba ikalia. Kijana alikuwa amefika chini. Nilichukua sanduku nimsindikize, akalitoa mkononi mwangu taratibu.

"Baki na mtoto," akasema.

Hakulisema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alitia kifurushi kwenye mfuko wa ndani wa koti lake mwenyewe jembamba, lile la Singida, akalipapasa kwa nje.

"Ulitaka kuviona vifaa. Njoo kwa binamu yako uvione, siku usiyokuwa na zamu."

"Nitakuja, baba."

"Karibu."

Mtoto alinyoosha mikono abebwe naye. Baba alimtazama, akanitazama mimi, kisha akainama akampa mkono tu, kama mtu mzima anavyompa mtu mzima mwenzake. Mtoto alianza kukohoa. Dada alimnyakua akampigapiga mgongoni, na katika kelele ile baba alitoka, akageuka, akashika kitasa kwa mkono wote, akaufunga mlango polepole sana, jinsi mtu anavyofunga mlango wa nyumba yenye mgonjwa.